Anayengojwa Usiku: Upweke wa Watu Wazima Katika Net-juu no Susume

Vichekesho vingi vya mapenzi katika anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, hufanyika shuleni. Wapendanao huvaa sare, hukutana kwenye paa la jengo la madarasa, na kikwazo chao kikubwa huwa aibu ya kutamka neno moja kabla muhula haujaisha. Mtu aliyekwisha kuupita umri huo, anayelipa kodi ya chumba na kurudi nyumbani usiku mwingi akiwa hana hamu hata ya kupika, huingia katika hadithi hizo kama mwalimu au mzazi, aseme maneno yake mawili na kuondoka. Net-juu no Susume, mfululizo wa vipindi kumi uliorushwa nchini Japani kati ya Oktoba na Desemba 2017, ulimchukua mtu huyo wa pembeni ukamweka katikati. Ulitengenezwa na studio ya Signal.MD chini ya uongozi wa Kazuyoshi Yaginuma, kutokana na katuni ya Rin Kokuyo iliyoanza kusomwa katika programu ya simu ya comico. Miaka imepita tangu urushwe, lakini naona bado haujasomwa kwa uzito unaostahili, labda kwa sababu unachekesha sana.

Mhusika mkuu, Moriko Morioka, ana miaka 30. Hajaolewa, anaishi peke yake, na ameacha kazi ya ofisini kwa hiari yake. Anajitania kwamba yeye ni mtu asiye na kazi wala masomo, ila wa daraja la juu, kwa kuwa hakufukuzwa. Anajiandikisha katika mchezo wa mtandaoni uitwao Fruits de Mer, wa aina ile inayowakutanisha maelfu ya wachezaji katika ulimwengu mmoja wa mapanga na mazimwi, na humo anajiundia kijana mtanashati anayeitwa Hayashi. Kwa kuwa ni mgeni, Hayashi anauawa kila akitoka nje ya lango la mji, hadi anapokutana na Lily, binti mganga mwenye sauti ya upole anayemtibu, anayemwelekeza na kumwingiza katika kundi lake. Kile ambacho Moriko hakijui ni kwamba Lily anachezwa na Yuta Sakurai, mwanamume mwajiriwa wa ofisi. Basi mwanamke aliyejivika umbo la mwanamume anavutiwa na mwanamume aliyejivika umbo la mwanamke, na huko mtaani wawili hao wanapishana bila kujuana.

Muhtasari huo unaweza kumfanya mtu aamini kwamba hii ni hadithi ya mraibu anayeokolewa na mapenzi, na jina ambalo mfululizo ulipewa ng'ambo, Recovery of an MMO Junkie, yaani kupona kwa mraibu wa michezo ya mtandaoni, linamsukuma mtazamaji huko huko. Ukiufuatilia kwa makini, mfululizo wenyewe hauungi mkono usomaji huo. Moriko hapokei ushauri wa kuacha mchezo, hapelekwi kwa daktari, wala hatupatiwi mandhari ya mwisho ambapo anazima kompyuta na kulitazama jua. Kinachobadilika katika maisha yake kinabadilika kwa sababu ya mchezo, na kinaanza muda mrefu kabla mapenzi hayajatajwa. Anapofungua kompyuta kuna mtu anayemsalimu kwa jina, anayejua jana waliishia wapi, na ambaye angeshangaa kama asingetokea. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye moyo wa hadithi hii: mtu mzima mpweke wa mjini ana watu tele wanaomzunguka, lakini hakuna hata mmoja anayemngoja.

Upweke huo umetokana na kazi. Mfululizo unapita haraka juu ya sababu zilizomfanya Moriko aache ofisi, nao unaweza kupita haraka kwa sababu mtazamaji wa Kijapani hakuhitaji kuelezwa. Mwezi ule ule wa Oktoba 2017, mahakama moja ya Tokyo iliitoza kampuni ya matangazo ya Dentsu faini ya yeni 500,000 kwa kuwafanyisha watu kazi za ziada kinyume cha sheria. Kesi hiyo ilitokana na kifo cha mwajiriwa wa kike mwenye umri wa miaka 24, aliyejiua siku ya Krismasi ya 2015 baada ya saa zake za ziada kupindukia 100 kwa mwezi, na mamlaka za kazi zikakubali kwamba kazi ndiyo iliyomuua. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria ya kuweka ukomo wa saa za ziada, ikaanza kutumika Aprili 2019. Ni katika hali hiyo ambapo mwanamke wa miaka 30 anaweza kuacha kazi ghafla, akajifungia ndani na mchezo, na watazamaji wakamwona kama mtu aliyejinusuru kabla mambo hayajaharibika zaidi. Uvivu si neno ambalo lingewajia haraka.

Takwimu za serikali zinaonyesha jinsi Moriko alivyo karibu na jambo lenye jina rasmi. Ofisi ya Baraza la Mawaziri ya Japani huwahesabu watu waliojitenga na jamii, wale wanaoitwa hikikomori, na ufafanuzi wake ni mpana kuliko wengi wanavyodhani: unamjumuisha asiyetoka chumbani kabisa, lakini pia yule ambaye kwa miezi sita au zaidi anatoka kwa ajili ya shughuli za burudani yake tu, au kwenda kwenye duka dogo la jirani na kurudi. Moriko anayetoka usiku kununua chakula kilichofungwa na kadi za kulipia mchezo amekaa vizuri kabisa ndani ya kifungu hicho cha mwisho. Kwa muda mrefu utafiti wa serikali uliishia kwa watu wa umri wa miaka 39, kana kwamba kujitenga ni tatizo la ujana litakalopoa lenyewe. Mwaka 2019 ndipo yalipotangazwa matokeo ya wenye umri kati ya miaka 40 na 64, ikakadiriwa kwamba wako 613,000, na mwaka 2023 makadirio kwa wote wenye umri kati ya miaka 15 na 64 yalifikia takriban milioni 1.46. Kati ya tarehe hizo mbili, Februari 2021, Japani iliteua waziri wa kushughulikia upweke, na Aprili 2024 sheria maalumu ya kukabiliana na upweke na kutengwa ikaanza kufanya kazi. Katuni ilikwisha kumwona mtu huyu kabla ofisi za serikali hazijamaliza kumtafutia fungu.

Hata hivyo isingetazamwa kama ingekuwa ripoti. Ucheshi wake unajengwa juu ya umbali kati ya kiti na kioo, na umbali huo umetengenezwa kwa ustadi ambao ni rahisi kuupuuza. Ndani ya mchezo tunamwona Hayashi akisimama wima, upepo ukimpepea nywele, akimjibu Lily kwa sentensi moja fupi ya kiume. Picha inakatwa, na tunamwona mwandishi wa sentensi hiyo: mwanamke aliyevaa nguo za kulalia mchana kutwa, nywele amezifunga ovyo, akijipigapiga mashavu na kugaagaa kwa sababu ameandikiwa neno tamu. Kila jibu la utulivu limetanguliwa na fujo ya dakika nzima. Wahusika wawili wamepewa sauti nne: Mamiko Noto ni Moriko na Ryota Suzuki ni Hayashi, Takahiro Sakurai ni Yuta na Reina Ueda ni Lily. Ukikumbuka kwamba katika mchezo wenyewe watu hawa wanaandikiana tu, unatambua kwamba sauti ya Hayashi na ya Lily hazipo popote ila katika vichwa vya wasomaji wao. Tunachokisikia ni jinsi kila mmoja anavyomsikia mwenzake. Hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linaeleza kwa nini wanaogopa kukutana: anayekutana na mwili wa mwenzake anapoteza sauti aliyoizoea.

Suala la kubadilishana jinsia lingeweza kuwa chanzo cha matusi, na katika mikono ya wengine lingekuwa hivyo. Wanaume wanaocheza kwa umbo la kike ni jambo la kawaida katika michezo ya aina hii, na mzaha juu yao ni wa zamani kama michezo yenyewe. Net-juu no Susume unauacha mzaha huo ulale. Moriko anamchagua Hayashi kwa sababu anapenda kuangalia mwanamume mzuri, basi. Lakini kadiri siku zinavyokwenda tunaona kwamba umbo hilo linampumzisha na macho ya watu. Akiwa Hayashi, hakuna anayemuuliza umri, wala kwa nini ngozi yake imechoka, wala ameacha kazi kwa nini. Yuta naye, ambaye ofisini ni mpole kiasi cha kuonekana hana msimamo, anapata katika Lily ruhusa ya kuwa mwororo bila mtu kumtilia shaka. Adabu ya kundi lao ni kutoulizana mambo ya nje, na adabu hiyo imewapa nafasi ya kufanyiana wema ambao nje ungehitaji maelezo. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako mtu wa miaka 30 asiye na ndoa huulizwa kila harusi kwamba pilau lake litaliwa lini, hatahitaji kufafanuliwa thamani ya mahali ambapo swali hilo haliulizwi.

Nikifika kwenye mapenzi yenyewe, naanza kuwa na mashaka. Yuta anagundua mapema kuliko Moriko kwamba Hayashi ni nani, na badala ya kusema, ananyamaza. Kuanzia hapo mmoja anajua na mwingine hajui, nao mfululizo unaichuma hali hiyo kwa ucheshi na kwa huzuni. Tunaonyeshwa kwamba Yuta ananyamaza kwa hofu. Kama atasema, Moriko anaweza kuona aibu, akaacha mchezo, na mahali pekee ambapo wote wawili wanangojwa pakavunjika. Hofu hiyo naielewa, na ndiyo inayomfanya awe mhusika na si kijana mzuri wa kwenye bango. Lakini kuielewa si kuikubali. Mtu anayeendelea kumsikiliza mwenzake akifungua moyo kwa Lily, huku yeye akijua kwamba maneno hayo yanamhusu jirani atakayekutana naye kesho, amejipa madaraka ambayo mwenzake hakumpa. Hati ya mfululizo inalijua hilo kwa kiasi, kwani inamtesa Yuta kwa majuto. Hata hivyo inamsamehe kwa haraka, kwa sababu ni mwema, ni mzuri wa sura, na vipindi ni kumi tu.

Kasoro kubwa zaidi ni sadfa. Vichekesho vya mapenzi haviwezi kuishi bila sadfa, na sina ugomvi na ile ya kwanza, ambapo Yuta anamgonga Moriko usoni kwa kiwiko barabarani na kumkimbiza hospitali. Ni mwanzo wa kuchekesha, na una maumivu ya kweli kidogo. Lakini zinakuja nyingine. Wawili hao wanaishi karibu na duka moja. Rafiki wa Yuta kazini, Homare Koiwai, aliwahi kufahamiana na Moriko kwa simu za kikazi, na Yuta mwenyewe aliwahi kuisikia sauti yake kwa njia hiyo. Zaidi ya hapo, inabainika kwamba katika mchezo mwingine wa zamani walikuwa tayari marafiki, wakiwa na maumbo mengine. Kila sadfa peke yake inavumilika. Zikiwekwa pamoja zinaunda hoja ambayo sidhani kama waandishi walikusudia kuitoa, kwamba urafiki wa mtandaoni ni halali pale tu mbingu zinapouthibitisha kwa anwani ya mtaa mmoja. Hadithi iliyotumia nusu yake ya kwanza kutuaminisha kwamba Lily ni mtu halisi kwa Moriko, inatumia nusu ya pili kututuliza kwamba msiwe na wasiwasi, hata hivyo walikuwa majirani.

Ukweli wa michezo hii ni mgumu zaidi, na mara nyingine ni mzuri zaidi. Kijana wa Norwei, Mats Steen, aliyezaliwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini kwamba aliishi na kufa mpweke, kwa kuwa miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi katika World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni wa aina ile ile ya Fruits de Mer. Walipotangaza kifo chake katika blogu yake, barua pepe zilianza kumiminika kutoka kwa wenzake wa kundi liitwalo Starlight, ambao walimjua kwa jina la Ibelin na ambao baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine kuhudhuria maziko. Alikuwa amewasikiliza wakiwa na msongo, amewapatanisha, na wakati mwingine amewakera kama rafiki yeyote anavyokera. Hakuna aliyekuwa jirani yake. Kisa hiki kinathibitisha, kuliko mpangilio wowote wa bahati, kile ambacho Net-juu no Susume ulikianza na kisha ukapata woga wa kukimaliza. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki wanaocheza Free Fire au PUBG kwa simu, mara nyingi na mtu wa mji ambao hawatauona, wanalijua jambo hilo bila kusoma kisa cha Norwei.

Namtetea mwandishi kwa jambo moja. Hadithi ya urafiki wa mbali ni ngumu kuigiza kwa picha, kwani watu wawili waliokaa kwenye viti katika miji miwili hawana la kufanya mbele ya kamera. Kukutanisha miili ni njia ya mkato ya ufundi, na pengine si msimamo wa kifikra. Ila njia za mkato nazo hufundisha.

Upande wa fedha umeguswa kwa ncha ya kidole. Moriko anaishi kwa akiba, ana chumba chake, na anaweza kununua kadi za malipo ili kujaribu bahati nasibu za ndani ya mchezo kwa ajili ya kumpendezesha Lily. Mwanamke aliyeacha kazi akiwa na madeni asingekuwa na hadithi hii. Urembo nao umeachiwa njia rahisi: Moriko anapoalikwa na Koiwai kutoka pamoja, anapita saluni, na ghafla tunaambiwa kwamba alikuwa mzuri muda wote. Ningependelea abaki na nywele zake zilizofungwa ovyo na bado apendwe. Mfululizo ungepoteza kicheko kimoja, ukapata ujasiri.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye kungojwa, kwa sababu kuna mhusika mmoja ambaye nadhani anapuuzwa na watazamaji kutokana na shauku ya kuona wapendanao wakishikana mikono. Ni Kazuomi Fujimoto, kijana muuzaji wa lile duka la jirani. Ndani ya mchezo yeye ni Kanbe, kiongozi wa kundi ambalo Hayashi na Lily wamo. Japani ina maduka ya namna hiyo zaidi ya 50,000, na utaratibu wake wa huduma ni wa mashine: muuzaji anakaribisha kwa maneno yale yale, anauliza kama chakula kipashwe moto, anarudisha chenji, anashukuru. Moriko amesimama mbele ya kaunta ya Fujimoto usiku mwingi, kichwa ameinamisha, akiomba asionekane. Saa moja baadaye mtu huyo huyo anamtania, anamgawia majukumu, anamsubiri ili safari ya kundi ianze.

Hii nayo ni sadfa, na nimekwisha kulalamika juu ya sadfa. Lakini ni ya aina tofauti na zile nyingine, kwa kuwa hapa hakuna mapenzi ya kuyahalalisha na ujirani hauongezi chochote. Watu hao wawili walikuwa na ujirani tayari, kila usiku, kwa umbali wa meta moja, na haukuwasaidia kitu hadi walipopata shughuli ya pamoja na sababu ya kuulizana kesho saa ngapi. Sadfa za Yuta zinaupa mchezo cheti cha ulimwengu wa nje. Sadfa ya Fujimoto inauhoji ulimwengu huo wa nje, na kuuliza kwa nini kaunta ya duka, ngazi za jengo la ghorofa na korido za ofisi ambayo Moriko aliitumikia kwa miaka hazikuweza kufanya kazi ndogo inayofanywa na kundi la wachezaji waliojificha nyuma ya majina ya kubuni. Kama Yaginuma na wenzake wangempa Fujimoto vipindi viwili zaidi, hata kwa kumpunguzia Koiwai utani wake, ningeuweka mfululizo huu mbele ya vichekesho vyote vya mapenzi vya mwaka wake.